Dereva Hawezi Kumkwepa Asiyemwona

(Haya ni mazungumzo ya fundi baiskeli wa kijiji kimoja kilicho kandokando ya barabara kuu ya lami ya Shinyanga hadi Mwanza. Aliyatoa mbele ya wanakisomo wenzake, jioni, nje ya darasa lao. Tumeyaandika kama alivyoyasema.)



Mwalimu ameniomba nizungumze juu ya kupanda baiskeli katika barabara kubwa. Nilimwambia, "Mwalimu, mimi si mtu wa maneno. Mimi ni mtu wa spana na viraka." Akanijibu, "Hicho ndicho tunachokitaka. Seme unayoyajua." Basi nitasema ninayoyajua. Na moja katika hayo linaniuma hata kulisema.

Wengi wenu mnalikumbuka jambo lenyewe. Ilikuwa mwezi Juni mwaka 2019. Jirani yetu alitoka mashineni kukoboa mpunga. Alikuwa na mchele kidogo, na juu yake gunia kubwa la pumba za kuku. Akapata pancha hapa kwangu. Nikaitoa tairi, nikaweka kiraka, nikajaza upepo. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Tukasaidiana kulirudisha gunia kwenye keria, nikalifunga kwa mipira mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Nikamwambia, "Haya, safari njema." Hakufika kwake. Lori lilimgonga kwa nyuma, kilomita nne tu kutoka hapa.

Dereva hakukimbia. Tulimkuta amekaa chini kando ya barabara, anatetemeka. Alisema neno moja tu, akilirudia: "Sikumwona. Sikumwona."

Siku zile nilimchukia dereva yule. Nilisema moyoni, utashindwaje kumwona mtu mzima na baiskeli? Tena baiskeli ile ilikuwa na kioo chekundu nyuma, kile kinachong'aa kikimulikwa. Mimi ndiye niliyekifunga kwenye madigadi mwaka uliotangulia. Baadaye nilipoinyoosha baiskeli ile nilikiona kioo. Kilikuwa kizima kabisa, hata ufa hakina. Hapo ndipo nikaelewa. Gunia la pumba lilining'inia mpaka chini, likakifunika. Kioo kilikuwapo lakini hakikuonekana. Na aliyelifunga gunia lile ni mimi.

Mke wa marehemu yumo humu, tunasoma naye. Nilikwenda kwake kumwomba ruhusa kabla ya kusema haya. Akaniambia, "Shemeji, yaseme. Labda yatamsaidia mwingine." Ndiyo maana nayasema.

MIMI NALIONA LORI, KWA NINI LORI LISINIONE?

Wiki iliyopita mzee mmoja aliniuliza swali zuri. Alisema, "Fundi, mimi usiku naliona lori tangu mbali. Taa zake zinawaka kama mchana. Kama mimi naliona, lenyewe litakosaje kuniona?"

Ndugu zangu, hapa ndipo tunapodanganyika wengi. Lori lina taa, wewe huna. Unaliona kwa sababu lina mwanga wake lenyewe. Wewe huna mwanga, na nguo yako ni nyeusi au ya kaki, na vumbi limekujaa. Unafanana na giza lenyewe. Tena usiku gari jingine likija mbele, dereva hupunguza taa zake ili asimwumize macho mwenzake. Hapo mwanga wake unapiga chini, karibu. Mtu mwenye nguo nyeusi mara nyingi haonekani mpaka gari limefika kama hatua 30 kutoka kwake, pengine hata pungufu.

Sasa tufanye hesabu. Tumejifunza kugawanya, basi tugawanye jambo lenye faida.

Lori linakwenda kilomita 80 kwa saa. Kilomita 80 ni mita 80,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya 80,000 kwa 3,600. Unapata 22 na kidogo. Maana yake, kila ukisema "moja", lori limekwisha kula mita 22. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Kwa hiyo ni hatua 22 kwa sekunde moja.

Dereva akikuona, mguu hauruki wenyewe kwenye breki. Jicho lione, akili itambue, mguu uhame. Hapo sekunde moja imekwisha, na mita 22 zimekwisha. Breki hazijashika bado! Zikishika, gari zuri kwenye lami kavu linahitaji mita 35 hivi nyingine mpaka lisimame. Jumlisha: ni karibu mita 57. Lori lenye shehena ya pamba linahitaji zaidi. Mvua ikiwa imenyesha, zaidi tena.

Linganisheni sasa. Anakuona akiwa na hatua 30. Anahitaji hatua 57. Zinapungua hatua 27. Katika hatua hizo 27 yeye hana la kufanya. Hata awe dereva hodari namna gani, hata awe hajaonja pombe maisha yake yote.

Nilipoifanya hesabu hii na Mwalimu pale ubaoni, nilinyamaza. Nikamkumbuka yule dereva aliyekaa chini. Kumbe alisema kweli.

Sisemi kwamba madereva hawana makosa. Wapo wanaokimbia ovyo, wapo walevi, wapo wanaochezea simu. Nitawarudia. Lakini leo nataka tuanze na lile lililo mikononi mwetu wenyewe.

KIOO CHEKUNDU NA MZIGO

Haya, tazameni hapa. Nimeleta baiskeli. Nitamwomba kijana mmoja aipeleke kule kwenye mwembe. Ni hatua mia moja, nimezipima. Giza limeanza kuingia, ni wakati mzuri. Mwalimu, nipe tochi.

Tochi ukiishika chini, karibu na kiuno, kioo hakitang'aa sana. Iinue. Ishike pembeni ya jicho, hivi. Mmeona? Kule mwembeni kuna jicho jekundu linawaka! Kioo hiki hurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Dereva amekaa nyuma ya taa zake, kwa hiyo mwanga unamrudia yeye. Hakihitaji betri wala dinamo. Hakimalizi chaji. Bei yake ni ndogo.

Sasa kijana, tundika gunia kwenye keria, liache lining'inie. Mnaona nini? Hamwoni kitu. Baiskeli ni ile ile, kioo ni kile kile, mwembe ni ule ule. Hivyo ndivyo alivyokuwa jirani yetu.

Kwa hiyo sheria yangu siku hizi ni hii: mtu hatoki kwenye banda langu na mzigo mpaka kioo kimehamia juu ya mzigo. Nafunga kioo cha pili kwa waya kwenye kipande cha mpira, na mpira ule unazungushwa nyuma kabisa ya gunia, au ya mkaa, au ya kreti. Mzigo ukitoka, mpira unatundikwa kwenye keria. Kazi hii haichukui hata dakika tano.

Kama huna kioo cha pili, zipo karatasi za kubandika zinazong'aa, nyekundu na nyeupe, kama zile za nyuma ya malori. Maduka ya vipuri vya pikipiki huziuza. Bandika nyuma ya madigadi, bandika kwenye pedali. Za kwenye pedali zinapanda na kushuka, na jicho la dereva hushtuka upesi likiona kitu kinachocheza.

Na tusisahau vumbi. Kioo kilichojaa tope ni sawa na kutokuwa na kioo. Kifute kwa kitambaa kila jioni.

Taa je? Taa ni bora kuliko kioo, maana yenyewe inawaka hata kabla hujamulikwa. Mbele nyeupe, nyuma nyekundu. Wenye dinamo, kumbukeni kwamba ukisimama, taa inazimika. Umesimama katikati ya njia ukingoja kukata kona, na giza limekumeza. Kwa hiyo dinamo lazima isaidiwe na kioo. Siku hizi kuna taa ndogo nyekundu za betri, zinafungwa chini ya kiti. Ni nzuri. Ila usishike simu mkononi ukasema ndiyo taa yako. Mkono mmoja umeshika simu, je, breki itashikwa na nani?

Na nguo. Shati jeupe, kanga yenye rangi ya kung'aa, au ile fulana ya njano ya wajenzi wa barabara. Vaeni hivyo mkijua mtarudi jioni. Lililo bora kuliko yote ni kuondoka mapema. Kwetu huku jua likizama, giza hutanda upesi. Kama kazi itakuchelewesha, lala kwa ndugu. Pumba za kuku zitangoja mpaka asubuhi.

UPANDE GANI WA BARABARA?

Mama mmoja hapa aliniambia, "Mimi hupita kulia, ili nilione gari linalokuja usoni." Mama, nakuelewa. Tumefundishwa kwamba mwenda kwa miguu apite upande wa kulia, akitazamana na magari. Ni kweli, kwa mwenda kwa miguu. Yeye akiona hatari, anaruka majanini. Lakini baiskeli ni chombo. Mwenye baiskeli anapita kushoto, njia moja na magari.

Tutumie hesabu tena. Wewe na baiskeli unakwenda kilomita 15 kwa saa. Gari linakwenda 80. Mkienda upande mmoja, gari linakukaribia kwa 80 kutoa 15, yaani 65. Hizo ni mita 18 kwa sekunde. Mkikutana uso kwa uso, ni 80 kujumlisha 15, yaani 95. Hizo ni mita 26 kwa sekunde. Umempunguzia dereva muda wa kukuona na kukukwepa. Na mkigongana, pigo ni kubwa zaidi. Isitoshe, gari linalotoka njia ya pembeni na kuingia barabarani kwa kushoto, dereva wake hutazama kulia kwake, magari yanakotoka. Hakutazamii wewe unayetokea kushoto.

Kwa hiyo ni kushoto. Hapa kwetu Tanzania ni kushoto, Kenya kushoto, Uganda kushoto. Lakini mtu akivuka Rusumo kuingia Rwanda anakuta wanapita kulia, na Burundi na Kongo vilevile. Wenye ndugu huko wakumbuke.

Sasa, kushoto kwa kiasi gani? Wengi hujibana ukingoni kabisa mwa lami. Hapo ni pabaya. Ukingo umemeguka, kuna mashimo, na chini kuna mchanga. Gurudumu likiteleza chini, mtu hushtuka na kulipandisha lami kwa ghafla, kwa mshazari. Gurudumu linakwaruza ukingo, halipandi, nawe unaangukia katikati ya barabara. Wangapi wameanguka hivyo? Naona mikono mingi!

Acha nafasi ya hatua moja kutoka ukingoni. Nenda sawasawa, usiyumbe kama nyoka. Dereva aliye nyuma yako anasoma mwendo wako kama sisi tunavyosoma gazeti. Ukienda moja kwa moja, anajua apite wapi. Ukiyumba, hajui. Na ukishuka mchangani, usirudi lamini kwa kuruka. Simama, teremka, tazama nyuma, inua baiskeli, ndipo upande tena.

Mkiwa wawili au watatu, msipange mstari wa mazungumzo. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Mazungumzo yana mahali pake, nayo ni nyumbani.

KUKATA KONA KULIA

Katika mambo ya mchana, hili ni la hatari sana. Nyumba yako iko kulia, wewe uko kushoto. Unataka kuvuka. Kijana anageuza usukani tu, akidhani masikio yatamwambia. Masikio hayatoshi. Upepo unavuma, redio inaimba, na yapo magari siku hizi yenye kelele ndogo sana.

Fuateni hatua hizi:

1. Tazama nyuma kwanza, mapema, kabla hujafika kwenye kona.
2. Nyoosha mkono wa kulia, wote, usawa wa bega. Usitikise kidole tu.
3. Tazama nyuma tena. Je, wamekuona? Wamepunguza mwendo?
4. Tazama mbele, waliopo wapite.
5. Ndipo ukate kona.

Kama una mzigo mzito, au umempakia mtoto, au hujazoea kuachia usukani kwa mkono mmoja, fanya jambo rahisi. Simama kushoto, nje ya lami. Teremka. Tazama pande zote mbili. Vuka kwa miguu ukiisukuma baiskeli. Si aibu. Mimi fundi, miaka yangu yote hii, bado navuka hivyo nikiwa na mzigo.

LORI LIKIKUPITA

Lori kubwa au basi likikupita kwa kasi, upepo wake kwanza unakusukuma nje. Likimaliza kupita, upepo unakuvuta ndani, upande wa magurudumu yake. Wenye baiskeli nyepesi mmelionja hilo. Ukisikia kishindo nyuma, shika usukani kwa mikono miwili, punguza mwendo, usigeuke kutazama dakika hiyo. Ukiwa na gunia, bora uteremke kando mpaka lipite.

Lori likiwa limesimama au linakwenda polepole kwenye njia panda, usijipenyeze kushoto kwake. Dereva amekaa juu, upande wa kulia. Wewe uliye chini ubavuni kushoto hakuoni. Akikata kona ya kushoto, magurudumu ya nyuma yanakata ndani zaidi kuliko ya mbele. Yatakubana. Kaa nyuma, ngoja.

Na ninyi vijana mnaoshika bomba la lori ili liwavute mlimani! Nimewaona. Lori likipiga breki, ninyi mnapiga nini?

BREKI, MTOTO NA KICHWA

Baiskeli nyingi zinazokuja bandani kwangu zina kengele nzuri na breki mbovu. Kuna wanaosimama kwa soli ya kandambili. Ndugu, kandambili ni ya kuvaa.

Kila asubuhi isukume baiskeli mbele huku umebana breki ya nyuma. Gurudumu likizunguka, breki haifai. Bana ya mbele. Gurudumu la nyuma liinuke kidogo. Lisipoinuka, njoo kwangu. Raba za breki zikiisha, ni chuma kinachosaga chuma. Raba ni rahisi, rimu ni ghali, mguu hauuzwi dukani. Wakati wa mvua rimu zimelowa na breki hukawia kushika, basi anza kubana mapema. Kwenye mteremko tumia breki zote mbili, kidogo kidogo, tangu juu. Usingoje mpaka baiskeli imepamba moto.

Akina mama na akina baba mnaopakia watoto kwenye keria, angalieni miguu yao. Mtoto akisinzia, mguu unaingia kwenye spoki, kisigino kinachunika mpaka mfupa. Wekeni kizuizi pande zote mbili, cha wavu au cha ubao, na mahali pa kukanyaga. Pindo la kanga na la gauni lifungwe vizuri, lisiingie kwenye mnyororo.

Kichwa nacho. Kofia ngumu ya baiskeli inasaidia sana kichwa kisipasuke ukianguka. Kwetu huku haijazoeleka, najua. Mwenye uwezo amnunulie kwanza mtoto anayekwenda shule kwa baiskeli.

Na pombe. Watu husema, "Mimi siendeshi gari, ni baiskeli tu." Lakini mlevi wa baiskeli anayumba kwenye barabara ile ile ya malori. Ukinywa kilabuni, isukume baiskeli mpaka nyumbani, tena mbali na lami. Itakuwa ndiyo fimbo yako ya kuegemea.

MADEREVA NAO JE?

Nilisema nitawarudia. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu milioni 1 na laki 2 walikufa katika ajali za barabarani duniani. Zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani watu kama sisi, wasio na bati la kuwakinga.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Inasema gari likipita katika makazi ya watu lisizidi kilomita 50 kwa saa. Kwa nini 50? Rudini kwenye hesabu. Kwa mwendo wa 50 gari linakula mita 14 kwa sekunde. Mita 14 za kushtuka na mita 14 za breki ni mita 28. Mnakumbuka zile hatua 30? Anayekwenda 50 anaweza kusimama. Anayekwenda 80 hawezi. Tofauti ya 50 na 80 ni uhai wa mtu.

Sasa hapa kijijini petu kibao cha 50 kilianguka, na hakijarudi. Tunanung'unika tu chini ya miti. Lakini sisi ni watu tunaojua kusoma na kuandika. Napendekeza tuandike barua kupitia serikali ya kijiji, iende kwa Wakala wa Barabara, TANROADS, maana barabara hii kuu iko chini yao. Tuombe mambo mawili: kibao kirudi, na kando ya lami pale shuleni pafukiwe mashimo ili baiskeli zipate pa kupita. Tuandike tarehe, tuandike mahali penyewe, tuweke sahihi zetu. Si dole gumba tena. Sahihi.

MWISHO

Ndugu zangu, majuto ni mjukuu. Mimi ninaye mjukuu huyo, nalala naye, naamka naye. Kila nikifunga gunia naiona jioni ile.

Baiskeli ya marehemu niliinyoosha, nikaifunga breki mpya. Mwanawe wa kwanza ndiye anayeipanda kwenda sekondari. Kioo ni kile kile. Cha pili nimemfungia kwenye mkoba wa daftari. Mama yake hukifuta kila asubuhi kabla mtoto hajatoka.

Jumamosi hii leteni baiskeli zenu zote hapa darasani. Nitakagua breki na kufunga vioo juu ya mizigo. Raba na vioo mtanunua, lakini kazi ya mikono sitawatoza hata senti moja. Asiye na mzigo siku hiyo alete gunia la majani, ajifunze kulifunga.

Nendeni salama, na mwonekane.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kioo cha baiskeli ya marehemu kilikuwa kizima. Kwa nini hakikumsaidia?
2. Gari linakwenda kilomita 60 kwa saa. Linakwenda mita ngapi kwa sekunde moja?
3. Kwa nini mwenda kwa miguu apite kulia lakini mwenye baiskeli apite kushoto?
4. Fanyeni jaribio la tochi usiku kijijini kwenu. Baiskeli ngapi zimeonekana kwa hatua mia moja? Ngapi hazikuonekana?
5. Ni mahali gani pa hatari zaidi kwa baiskeli katika kijiji chenu? Andikeni barua fupi kwa serikali ya kijiji mkieleza mnachotaka kifanyike.